Komando hawezi kuziba ufa ulioachwa na wengine

Ipo picha moja iliyobaki akilini mwa vijana wengi tangu shambulio la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, Januari 15, 2019. Ni picha ya mwanamume aliyefunika uso, bunduki kifuani, akielekea ndani ya jengo ambalo kila mwenye pumzi alikuwa akijaribu kulitoka. Baadaye ilifahamika kwamba alikuwa mwanajeshi wa kikosi maalumu cha Uingereza kiitwacho SAS, aliyekuwa nchini kikazi na ambaye aliingia kusaidia. Siku ile hakutaja jina lake wala hakusimama kuhojiwa. Sifa zilimfuata hivyo hivyo.

Mwalimu yeyote anayesahihisha insha za shule za sekondari atakubaliana nami kwamba mtu wa namna hii amekuwa mgeni wa kudumu katika madaftari ya wanafunzi wetu. Komando wa insha huruka kutoka ghorofani, huangusha maadui 20 kwa risasi 10, kisha huondoka bila hata kutokwa na jasho. Tukimwuliza mwandishi wa insha hiyo komando wake alijuaje adui yuko chumba kipi, nani alimleta pale, na nani angemchukua baada ya kazi, hutazama chini asiwe na la kusema. Filamu haikumwambia.

Sina ugomvi na ujasiri wa watu hawa. Wanaostahili heshima wapewe heshima yao. Ninalolipinga ni funzo ambalo vijana, na hata sisi wakubwa, tunalichota kutoka katika sifa hizo: kwamba taifa likiwa na wachache waliopikwa wakapikika, sisi wengine twaweza kulala usingizi. Historia ya vikosi hivi inasema kinyume kabisa. Inasema kwamba komando ni mkono wa mwisho katika kazi ya mikono mingi, na kwamba mikono ile mingine ikizembea, umahiri wake wote hautamfaa yeye wala anayemsubiri.

Tuanze na asili ya kikosi chenyewe cha SAS. Kilianzishwa mwaka wa 1941 katika jangwa la Afrika Kaskazini na afisa kijana aliyeitwa David Stirling. Nia yake ilikuwa kuwapenyeza watu wachache nyuma ya majeshi ya Ujerumani na Italia ili waziharibu ndege za adui zikiwa zingali ardhini. Safari yao ya kwanza, Novemba mwaka huo, ilikuwa ya kuruka kwa parachuti usiku. Walikuwa wameonywa kwamba tufani ilikuwa njiani, wakaamua kwenda. Upepo uliwatawanya jangwani, hawakuharibu hata ndege moja, na zaidi ya nusu ya waliotumwa hawakurudi. Watu wale hawakupungukiwa na ushujaa hata chembe. Kilichopungua ni busara ya kuahirisha. Baada ya msiba huo waliacha kuruka, wakaanza kusafirishwa kwa magari na kikosi kingine kilichoijua njia ya jangwani vyema, na majuma machache baadaye ndege za adui zikaanza kuteketea. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni mpango.

Sasa tuyatazame mafunzo, maana hapa ndipo filamu zinapotudanganya zaidi. Anayetaka kujiunga na SAS hupelekwa kwenye milima ya Brecon Beacons huko Wales. Mlima mrefu kuliko yote pale, Pen y Fan, una mita 886 tu. Mtoto wa Nyeri aliyezoea kuutazama Mlima Kenya angeuita kilima. Lakini pale hupimwa jambo jingine. Mtahiniwa hupewa ramani, dira, bunduki na shanta zito, kisha huambiwa afike mahali fulani. Hatembei na kundi, wala hapigiwi kelele na mkufunzi. Hatiwi moyo wala havunjwi moyo. Siku baada ya siku uzito huongezwa na masafa hurefushwa, mpaka siku ya mwisho anapotembea takriban kilomita 64 akiwa na mzigo wa kilo 25 hivi, bila kuhesabu bunduki, maji na chakula, akitakiwa kufika katika muda usiozidi saa 20. Wengi mno hushindwa. Aghalabu wanaoshindwa si wanyonge wa mwili. Ni watu waliosoma ramani vibaya wakiwa wamechoka, au waliojisemea gizani kwamba hakuna atakayejua wakikaa kidogo.

Anayefaulu hapo bado hajawa kitu. Hupelekwa katika misitu ya joto, kama ile ya Brunei, akakae majuma kadhaa akiwa amelowa, akitembea kwa ukimya na kuandika taarifa kwa usahihi. Hufundishwa namna ya kuishi akiwindwa na namna ya kustahimili mahojiano akikamatwa. Na hata baada ya hayo yote hurudi shuleni. Kwa desturi, doria ya SAS huwa na watu wanne, na kila mmoja hubeba taaluma yake: tabibu, mtu wa mawasiliano, mtaalamu wa baruti, na yule ajuaye lugha ya mahali wanapokwenda. Vikosi maalumu vya jeshi la Marekani navyo hufanya kazi kwa makundi ya watu 12 yenye taaluma za namna hiyo, na kujifunza lugha ya kigeni ni sehemu ya mafunzo yao. Wanafunzi wangu wapenzi, mnaoliona somo la lugha kuwa la waliokosa la kufanya, litafakarini jambo hilo. Askari anayeogopwa kuliko wote hutakiwa kukaa darasani akinyambua vitenzi.

Basi mafunzo haya hujenga subira, umakini na uaminifu wa mtu asiyeonwa na yeyote. Lakini hata mafunzo yenyewe hutegemea uangalifu wa wanaoyasimamia. Mnamo Julai 2013, siku ya joto kali, wanajeshi watatu wa akiba walifariki dunia kutokana na safari ya majaribio katika milima hiyo hiyo ya Brecon Beacons. Walikuwa wamebeba vifaa vya kuwaonyesha wasimamizi mahali walipo. Uchunguzi wa mahakama uliokamilika mwaka wa 2015 ulilaumu uzembe katika maandalizi na usimamizi wa zoezi hilo. Vijana wale walikuwa wamefunzwa kutokata tamaa, nao hawakukata tamaa. Walikosa mtu wa kusema: leo jua ni kali, simamisheni. Kadiri askari anavyofunzwa kutii na kuvumilia, ndivyo wajibu wa anayemwamuru unavyozidi kuwa mzito.

Tutoke mafunzoni twende kazini. Hapa Afrika Mashariki hakuna mfano unaosimuliwa zaidi kuliko ule wa Entebbe. Juni 27, 1976, ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kuelekea Paris ilitekwa nyara baada ya kutua Athens, hatimaye ikapelekwa Entebbe, Uganda, ambako Idi Amin aliwapokea watekaji. Usiku wa Julai 3, makomando wa Israeli walitua na ndege nne za mizigo, na katika muda usiofika saa mbili walikuwa wameondoka na mateka 102. Waliposimulia, watu walitaja gari jeusi aina ya Mercedes lililofananishwa na la Amin, na kifo cha kamanda Yonatan Netanyahu. Hayo ni kweli. Lakini kazi ilikuwa imefanywa kabla ya gari lile kushuka ndegeni. Mateka walioachiliwa mapema walihojiwa kwa makini huko Paris, wakaeleza watekaji walikuwa wangapi, walikaa wapi na walilala saa ngapi. Jengo la zamani la uwanja ule lilikuwa limejengwa na kampuni ya Israeli, hivyo ramani yake ilipatikana. Makomando walifanya mazoezi kwenye mfano wa jengo hilo. Na ndege zao zisingefika nyumbani kama zisingeruhusiwa kutua Nairobi kujaza mafuta.

Hesabu ya Entebbe, hata hivyo, haiishii hapo. Mateka watatu waliuawa katika mapambano yale. Bikizee Dora Bloch, aliyekuwa amelazwa katika hospitali ya Mulago, aliachwa nyuma na akauawa. Makumi ya wanajeshi wa Uganda walikufa. Na Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, wasiojua lolote kuhusu ndege wala mafuta, waliuawa kwa kulipiza kisasi. Hao hawamo katika filamu. Mwalimu wa historia anayesimulia Entebbe bila kuwataja atakuwa amesimulia nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo yetu.

Pengine msomaji atasema kwamba waliofaulu walifaulu kwa sababu walikuwa hodari kuliko wengine. Namwomba aulinganishe mfano huo na wa Marekani, miaka minne baadaye. Kikosi cha Delta kiliundwa na Kanali Charles Beckwith, ambaye aliwahi kutumikia pamoja na SAS ya Uingereza na kuuiga mtindo wao wa kuteua askari. Aprili 24, 1980, kikosi hicho kilitumwa kuwaokoa Wamarekani zaidi ya 50 waliokuwa wakizuiliwa mjini Tehran, Iran. Mpango ulihitaji helikopta zisizopungua sita, zikapelekwa nane. Moja iliachwa njiani kwa hitilafu, nyingine ikarudi baada ya kuingia katika mawingu ya vumbi, na ya tatu ikaharibika baada ya kufika mahali pa kukutania jangwani. Zikabaki tano. Safari ikavunjwa. Wakati wa kuondoka helikopta moja iligonga ndege ya mizigo, moto ukalipuka, watu wanane wakafa. Makomando waliofanya mazoezi kwa miezi mingi hawakufyatua risasi hata moja Tehran, kwa kuwa hawakufika.

Uchunguzi uliofanywa baadaye haukuwalaumu kwa kukosa ujasiri. Ulionyesha kwamba marubani na askari walitoka katika majeshi mbalimbali yaliyokuwa hayajafanya zoezi kamili pamoja, na kwamba usiri ulipita kiasi hata waliohitaji kuzungumza hawakuzungumza. Sifa moja ya taifa lile ni kwamba lilikubali kulitazama kosa lake hadharani. Mwaka wa 1987 kamandi moja ya kuvisimamia vikosi vyote maalumu iliundwa, na chimbuko lake moja ni aibu ile ya jangwani.

Lakini kujifunza mara moja hakumaanishi kujifunza daima. Oktoba 3, 1993, askari wa Delta na wenzao wa kikosi cha Rangers waliingia katikati ya jiji la Mogadishu, Somalia, kuwakamata wasaidizi wa Jenerali Mohamed Farah Aidid. Kazi ilikadiriwa kuchukua saa moja. Waliotafutwa walikamatwa, lakini helikopta mbili zikaangushwa, na saa moja ikawa usiku kucha. Ombi la kuletewa vifaru na magari ya deraya lilikuwa limekataliwa na wakubwa kabla ya hapo, kwa hiyo ilibidi waokolewe kwa magari ya deraya ya wanajeshi wa Malaysia na Pakistan waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Wamarekani 18 walikufa, mwanajeshi wa Malaysia akafa, na Wasomali wakafa kwa mamia, miongoni mwao wanawake na watoto. Shujaa aliyefunzwa kwa miaka mingi alinusuriwa na dereva wa gari la deraya kutoka nchi ambayo haikuwa imearifiwa mapema kuhusu safari yake.

Kwa nini nimeyakusanya mambo haya ya mbali katika ukurasa unaosomwa na walimu na wanafunzi wa Kenya? Kwa sababu ya Garissa.

Alfajiri ya Aprili 2, 2015, watu wanne wenye silaha waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa. Walianza na walinzi langoni, kisha wakaenda kwa wanafunzi waliokuwa wakisali, kisha mabwenini. Nchi ilikuwa na kikosi kilichofunzwa kwa hali kama ile: Recce, cha GSU. Ni kikosi cha polisi, si cha jeshi, lakini mafunzo yake ni ya jamii hiyo hiyo ninayoizungumzia. Kilikuwa Nairobi, takriban kilomita 370 kutoka hapo. Watu wa Recce walipofika Garissa, saa za asubuhi zilikuwa zimekwisha. Walipoingia bwenini, jioni ilikuwa imekaribia. Wakaimaliza kazi kwa muda mfupi mno, na mmoja wao akapoteza maisha. Lakini watu 148 walikuwa wameuawa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi.

Ukiuliza kama makomando wetu walishindwa siku hiyo, jibu ni kwamba hawakushindwa. Walifanya walilofunzwa kulifanya, wakalifanya vyema. Walioshindwa ni wale waliopaswa kuwafikisha. Na kabla ya hao, walioshindwa ni wale waliosikia tahadhari lakini wakauacha ulinzi wa chuo mikononi mwa askari wachache. Tahadhari haikuwa siri: siku chache kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewaonya wanafunzi wake kwamba huenda chuo kikuu kikashambuliwa. Wahenga walituachia usemi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Garissa ufa haukuzibwa, na ukuta uliojengwa ni wa makaburi.

Najua wapo watakaosema kwamba maneno haya yanawavunjia heshima watu wanaohatarisha maisha yao kwa ajili yetu. Naona ni kinyume. Kumheshimu komando si kumpigia makofi anapotoka kwenye jengo linalowaka. Ni kuhakikisha kwamba haingizwi humo bila habari, bila usafiri na bila sababu. Anayemsifu askari kisha akamsamehe mkubwa aliyemchelewesha hajamheshimu askari huyo. Amemtumia kama pazia la kuficha uzembe. Wapo pia watakaosema mambo ya ulinzi ni siri na hayafai kuulizwa na walimu. Siri ya mpango wa kesho ni haki yao. Siri ya kosa la jana si haki ya mtu yeyote, hasa pale walipokufa watoto wa watu.

Na tukitaka ushahidi kwamba kuuliza kunafaa, turudi pale DusitD2. Vikosi vilifika upesi kuliko ilivyokuwa Westgate mwaka wa 2013 au Garissa mwaka wa 2015. Watu 21 waliuawa, na kila mmoja wao ni msiba usiofidika, lakini watu wapatao 700 walitolewa wakiwa hai. Waliotolewa hawakutolewa na mtu mmoja aliyefunika uso. Walitolewa na polisi wetu wa vikosi vingi, walinzi wa majengo walioijua milango, wahudumu wa ambulansi, na raia waliopiga simu wakaeleza wamejificha ghorofa gani. Kama tumejifunza lolote kati ya Garissa na siku hiyo, tulijifunza kwa sababu wazazi, walimu na waandishi wa habari walikataa kunyamaza.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wenzangu. Mwanafunzi akiandika insha kuhusu komando, msimkemee, wala msimkate alama kwa kupenda ushujaa. Mrudishieni daftari na maswali matatu: Nani alimpa habari? Nani alimfikisha? Nani atajibu mambo yakiharibika? Akiyajibu, atakuwa ameandika insha bora zaidi. Isitoshe, atakuwa ameanza kufikiri kama raia.

Nanyi wanafunzi, wachache wenu huenda siku moja mkavaa sare za vikosi hivyo, na nitafurahi nikisikia hivyo. Lakini wengi wenu mtakuwa mikono ile mingine: karani anayepokea onyo saa tisa usiku, mhandisi anayeithibitisha helikopta, mkuu wa chuo anayeamua lango lilindwe na watu wangapi, afisa anayekabidhiwa funguo za ndege ya serikali. Kazi hizo hazina filamu. Siku itakapofika, mtu aliyefunika uso atakuwa akiwategemea ninyi, na bwenini kutakuwa na kijana wa rika lenu akiisikiliza milango ikivunjwa, akihesabu dakika.